Gitaa Linapokoroma: Istilahi za Amplifaya ya Vali

Ofisi ya istilahi hupokea karatasi za kila aina zinazohitaji tafsiri au ukaguzi wa tafsiri: fomu za idara, mihtasari ya masomo, maelezo ya dawa, mikataba, matangazo ya zabuni. Mara chache huletwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mchezo, nalo likaja kutushughulisha kuliko sheria nzima. Mojawapo lilitufikia kutoka Tunduma, mkoani Songwe. Yalikuwa maelezo ya kurasa chache, yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, ya namna ya kubadili saketi ya amplifaya ya gitaa ili mlio wake uwe mzuri zaidi gitaa linapopigwa kwa nguvu. Mafundi waliopewa karatasi hizo walizirudisha wakisema kwamba maneno yote wanayajua, ila hawaelewi wanaambiwa wafanye nini.

Sentensi moja miongoni mwake ilikuwa hivi: “Ongeza faida ya jukwaa la pili mpaka bomba liendeshwe kupita kiasi, kisha rekebisha upendeleo wa gridi.”

Msomaji na aitazame tena. Hamna neno la kigeni ila moja, na hilo nalo lilikwisha kuingia katika Kiswahili pamoja na Gridi ya Taifa. Sarufi ni safi, upatanisho wa ngeli hauna dosari. Lakini faida ni ya dukani, jukwaa ni la ukumbini, na mkazi wa Tunduma asikiapo bomba hufikiri kwanza bomba la mafuta la TAZAMA liendalo Ndola. Kuendesha kupita kiasi ni kosa la madereva wa malori, na upendeleo ni jambo la kushtakiwa kwa wakubwa. Mfasiri huyu hakuivunja lugha hata mara moja. Alichofanya ni kufasiri maneno akaviacha vitu. Nasi twaona kwamba dawa ya tafsiri za namna hii si kumpa mfasiri kamusi nene zaidi. Dawa ni kumfikisha kwenye meza ya fundi, akaone kitu kinachotajwa kinafanya kazi gani, ndipo atafute jina. Katika makala haya tutaifungua amplifaya hiyo na kuifuata saketi yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila tutakapofika mahali penye shida ya jina, tutasimama.

Kwanza tuseme kwa nini shida hii ikazuka Tunduma. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa, na Tunduma ndiyo lango lake la kwendea Zambia. Ukivuka tu, uko Nakonde. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka. Kinyiha ki Mbozi, Kindali ki Ileje, na Kibemba na Kinyanja huingia sokoni pamoja na wafanyabiashara. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Muziki nao umepita njia hizo hizo, tena kwa pande zote mbili. Kwetu, bendi za dansi zilipenda gitaa la solo lenye sauti safi na nyororo, kila uzi ukisikika peke yake. Anayetaka mfano na amsikilize marehemu Mbaraka Mwinshehe, akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, kabla ya kifo chake mwaka 1979. Upande wa Zambia, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, vijana wa miji ya migodi ya shaba na wa Lusaka waliunda bendi kama WITCH na Amanaz, nao walilitaka gitaa linguruma na kukwaruza kama mashine. Mji wa mpakani una masikio ya aina zote mbili. Fundi wa Tunduma anaweza kuletewa asubuhi amplifaya ya kwaya, mwenyewe akilalamika kwamba inakoroma. Na jioni akaletewa nyingine na kijana ambaye lalamiko lake ni kwamba haikoromi vya kutosha.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Kwa miaka mingi Kiswahili kimetumia kipaza sauti kwa vitu vitatu visivyofanana. Mhubiri hushika kipaza sauti mkononi. Juu ya mti au mnara hufungwa kipaza sauti. Na kile kisanduku kilichopo katikati, chenye vitufe na waya, nacho huitwa kipaza sauti. Katika mazungumzo hili halina taabu, kwa sababu mtu huonyesha kwa kidole. Katika karatasi za serikali kidole hakipo. Ofisa wa forodha aliyeko katika kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka 2019, hana budi kuviweka vitu hivyo katika vifungu tofauti vya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Vyote viko chini ya namba 85.18, lakini maikrofoni ni 8518.10, spika ni 8518.21 na vinavyofuata, na amplifaya ni 8518.40. Hati iliyoandikwa “vipaza sauti kumi” haimwambii lolote la kumsaidia.

Hivyo basi sisi twapendekeza maikrofoni kwa chombo kinachoipokea sauti ya mtu au ya ala, spika kwa chombo kinachoitoa, na amplifaya kwa chombo cha kati kinachoikuza. Kipaza sauti kibaki kuwa jina la ukoo mzima, kama vile chombo lilivyo jina la jahazi na la mtumbwi pia. Wapo watakaouliza kwa nini tusiseme kikuza sauti, neno ambalo limeundwa vizuri na lenye mizizi yake humu humu. Jibu letu ni kwamba amplifaya imekwisha kuenea kutoka karakana za Dar es Salaam hadi vijijini, na neno linalotumika na watu wengi kwa maana moja halina haja ya kung’olewa. Mzizi -kuza tutauhitaji mahali pengine, si mbali. Kuhusu spika, wako wanaohofu kwamba itagongana na Spika wa Bunge. Hofu hiyo hatuna.

Sasa tuifungue. Ndani ya amplifaya za aina tunayoizungumzia hamna transista katika njia ya sauti. Mna chupa ndogo za kioo zinazowaka wekundu hafifu. Mafundi wengi huziita taa, kwa sababu huwaka. Waingereza huziita kwa jina la kilango cha kuzuia maji yasirudi nyuma, na Wamarekani kwa jina la bomba. Sababu ya majina haya mawili inafaa kujulikana. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, mwanasayansi wa Uingereza, alitengeneza chupa ambayo umeme hupita ndani yake kwa upande mmoja tu. Akaipa jina kwa kazi yake. Wamarekani waliipa jina kwa umbo lake. Kazi ya kitu ndiyo msingi imara zaidi wa kukipa jina, kwani umbo hubadilika na kazi hubaki. Neno letu vali, ambalo mafundi wa magari na wa mabomba wanalijua siku nyingi, limebeba maana ile ile ya Fleming. Basi na iwe vali. Katika hati ambapo vali yaweza kudhaniwa kuwa ya bomba, iandikwe vali ya elektroni.

Hili si suala la kupenda au kutopenda. Katika mfumo ule wa forodha tulioutaja, vali za mabomba ziko namba 84.81, taa za umeme za nyumbani ziko 85.39, na vali za elektroni ziko 85.40. Mwenye duka akiandika “taa” na mwingine akiandika “vali” tu, chupa ile ile yaweza kuingia nchini kwa njia tatu, na kodi yake ikahesabiwa kwa namna tatu. Karakanani fundi na aendelee kusema taa. Hakuna atakayemkataza, na mwanafunzi wake humwelewa. Twasema juu ya maandishi.

Ndani ya vali ya kukuza sauti mna vitu vitatu vya kukumbukwa. Kuna kathodi, ambayo hupashwa moto hata ikatoa elektroni. Kuna anodi, bamba la madini lililopewa volti mamia kadhaa, linalozivuta elektroni hizo. Na katikati yake kuna waya uliosokotwa kwa nafasi nafasi, ambao elektroni hazina budi kupenya ndani yake. Huo ndio aliouongeza Lee de Forest, Mmarekani, mwaka 1906, na ndio uliozifanya vali ziweze kukuza ishara. Mfasiri wetu aliuita gridi. Sisi twaona gridi iachiwe njia kuu za umeme, na huu uitwe wavu, kwa sababu ni wavu. Mkondo mkubwa hupita kati ya kathodi na anodi. Volti ndogo mno ikiingia kwenye wavu huupunguza au kuuzidisha mkondo ule. Walimu wa Mbeya na Songwe wanao mfano mzuri karibu nao: katika mashamba ya mpunga ya Usangu, mkono wa mtu mmoja hulipandisha lango la mfereji kidogo tu, na maji yatakayopita ni ya kutosha shamba zima. Mkono haukuyatengeneza maji. Umeyaamrisha.

Anodi na kathodi tumeziacha kama zilivyo. Ni maneno ya kimataifa, yamekwisha kukaa katika vitabu vya sayansi vya shule, na hakuna faida ya kumfundisha mtoto jina la pili. Aidha tumekataa sahani kwa anodi, ingawa Wamarekani husema hivyo. Mtu akisoma kwamba sahani ina volti 300, atacheka kabla hajaogopa.

Vali moja haitoshi. Ishara itokayo kwenye gitaa ni dhaifu sana, hivyo hukuzwa na vali ya kwanza, ikapelekwa kwa ya pili, na pengine ya tatu, hata ikawa na nguvu za kuisukuma spika. Kila mahali pa kukuzia Waingereza hupaita kwa neno ambalo kwa wanamuziki ni jukwaa, na ndivyo mfasiri wetu alivyopotea. Jina lake liwe ngazi: ngazi ya kwanza, ngazi ya pili. Kiasi ambacho ngazi huikuza ishara ndicho alichokiita faida. Hapa ndipo tunapouhitaji mzizi wetu: kiasi hicho kiitwe mkuzo. Vali iliyo maarufu kuliko zote katika amplifaya za gitaa ni ile yenye alama 12AX7, ambayo Ulaya huandikwa ECC83. Ndani ya chupa yake mna vali mbili. Ikiwekewa rezista ya omu 100,000 kwenye anodi na ya omu 1,500 kwenye kathodi, mkuzo wake huwa yapata 60 iwapo kathodi imepewa kapasita ya kutosha, na huteremka hadi yapata 30 iwapo kapasita hiyo haipo. Tunaomba msomaji azishike tarakimu hizi mbili, kwani ndizo zitakazotufungulia jambo.

Sasa tumefika kwenye kiini. Ngazi haiwezi kuikuza ishara bila mwisho. Anodi haiwezi kupanda juu ya volti ilizopewa, wala kushuka chini ya kipimo fulani. Ishara ikizidi nafasi hiyo, vilele vya wimbi havipati pa kwenda. Hukatwa, juu au chini au kotekote. Waingereza huitaja hali hii kwa neno la mwendo wa gari. Sisi tulipomweleza fundi mmoja wa Tunduma shida yetu ya jina, alituambia pasipo kufikiri kwamba taa inafurika. Hatujaona neno bora zaidi. Mto hufurika maji yanapozidi nafasi ya kingo zake, na kingo hazikuvunjika. Maji yakipungua, mto hurudi ulivyokuwa. Vali nayo ndivyo. Haijaharibika, haijapita kasi, imefurika. Basi kitendo ni kufurika, hali ni mfuriko, na anayeisababisha huifurisha ngazi.

Wimbi lililokatwa vilele halisikiki kama lilivyoingia. Uzi mnene wa gitaa hutikisika kama mara 82 kwa sekunde; ngazi ikifurika, pamoja na mtikisiko huo huzaliwa mingine ya mara 164, mara 246 na kuendelea, ambayo haikuwamo kwa wingi huo hapo kwanza. Sikio huipokea kama unene, ukali na mngurumo. Vitabu vya Kiingereza hulitumia neno moja kwa mabadiliko yote ya namna hii, mazuri na mabaya, na wafasiri wetu wamezoea kuliandika upotoshaji. Kwa maoni yetu hilo halifai. Kupotosha ni kumtoa mtu katika njia ya kweli, na humo mna nia. Twasema fulani amepotosha taarifa. Gitaa halimdanganyi mtu. Watu wa kawaida, redio ikitoa sauti nzito yenye mtetemo, husema inakoroma. Na santuri iliyochakaa wamesema siku zote inakwaruza. Maneno haya mawili yanatofautisha kitu ambacho Kiingereza hukichanganya. Mkoromo uwe jina la sauti nene itokanayo na mfuriko. Mkwaruzo uwe jina la sauti ya uchakavu, spika iliyochanika au kiungo kilicholegea.

Pingamizi moja lililoletwa kwetu ni kwamba kukoroma ni sifa mbaya, wala hapana mwanamuziki atakayeipenda. Historia ya chombo hiki yasema vingine. Inasimuliwa kwamba mwaka 1951 wanamuziki wa Ike Turner walikuwa njiani kwenda Memphis kurekodi, amplifaya yao ikapata hitilafu. Wakaijaza karatasi ndani ili ifanye kazi, na sauti ile mbovu ikapendeza mno katika santuri yao. Mwaka 1964 kijana wa Kiingereza, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, aliichana spika yake kwa wembe kwa makusudi. Kilichokuwa ila kikawa kitu cha kutafutwa, na neno hufuata. Hata mkali kwetu lilikuwa sifa ya kisu na ya mbwa; leo vijana husema mpigaji fulani ni mkali, naye hushukuru.

Kwa maneno hayo tunaweza kuyaeleza marekebisho yaliyokusudiwa na karatasi zile, na msomaji atuambie kama ameyaelewa.

Amplifaya nyingi za vali ziliundwa kwa ajili ya sauti safi. Huiachia besi yote ipite, na ni vyema, maadamu hakuna ngazi inayofurika. Lakini ikifurishwa, besi ndiyo hufurika kwanza kwa kuwa mawimbi yake ndiyo makubwa, nayo huvifunika vilivyo juu yake. Nyuzi mbili zikipigwa pamoja hazitambulikani. Mlio unakuwa tope. Kwa hiyo dawa haiko katika kuzidisha mkuzo, kama wengi wanavyodhani. Dawa ni kuipunguza besi kabla ya ngazi inayofurika, si baada yake. Baada yake umekwisha kuchelewa: tope halichujwi kwa kulitia maji.

Mahali pa kwanza pa kufanyia kazi ni kapasita ya kathodi. Katika saketi za kawaida huwa ya mikrofaradi 22 au 25, na kwa kipimo hicho huanza kufanya kazi chini ya mitikisiko 10 kwa sekunde. Yaani sauti zote za gitaa hupata mkuzo wa 60. Fundi akiiondoa, zote hupata 30. Akiweka ndogo ya mikrofaradi moja, mpaka huhamia karibu na mitikisiko 200 kwa sekunde. Akiweka ya 0.68, karibu na 300. Sauti zilizo juu ya mpaka huelekea 60, na za chini hubaki karibu na 30. Besi haikufukuzwa, imepewa nusu. Kipande hiki ni cha bei ndogo, ukubwa wake haufikii ncha ya kidole, nacho hubadili mlio kuliko vitufe vyote vilivyoko usoni mwa amplifaya.

Mahali pa pili ni kapasita iliyopo kati ya ngazi na ngazi, ambayo twaiita kapasita kiungo. Ile ya mikrofaradi 0.022, ikikutana na rezista ya omu milioni moja, huruhusu sauti kuanzia mitikisiko 7 kwa sekunde. Ikibadilishwa ikawa 0.0022, mpaka hupanda hadi 72. Faida ya pili ya badiliko hili haisikiki katika sauti safi. Ngazi ikifurishwa mno, wavu wake hunyonya mkondo, kapasita kiungo hujaa chaji, na vali hufungwa kwa kitambo mpaka chaji ipungue. Gitaa hukatika, likarudi, likakatika tena. Kiingereza kina jina refu kwa jambo hili. Mafundi tuliozungumza nao wana kwikwi, nasi tumeliandika kama lilivyo. Kapasita ndogo hupunguza kwikwi, na rezista ikiwekwa mbele ya wavu husaidia zaidi.

Mahali pa tatu ni pale mfasiri alipoweka upendeleo. Wavu hupewa volti za kuanzia, ambazo huamua ishara isimame wapi katika nafasi yake: katikati, au karibu na ukingo mmoja. Ikisimama katikati, vilele vya juu na vya chini hukatwa pamoja. Ikiegemezwa upande mmoja, upande huo hukatwa mapema, na mkoromo hubadilika tabia. Jina lake liwe mwegemo. Kubadili rezista ya kathodi kutoka omu 1,500 hadi 10,000 ni kuubadili mwegemo wa ngazi, na zipo amplifaya za Marshall za Uingereza zilizojipatia sifa kwa jambo hilo. Lakini kuhusu vali za mwisho, zile kubwa zinazoisukuma spika, fundi asiguse mwegemo pasipo mita, kwani ukikosewa vali hupata moto na kufa.

Limebaki neno moja, na hili ndilo lililotufanya tuandike makala badala ya kurudisha karatasi pamoja na orodha ya masahihisho. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na onyo katika sanduku jeusi. Kiingereza chake kilitumia kitenzi ambacho hospitalini humaanisha kumruhusu mgonjwa, jeshini kumwachisha askari kazi, na bandarini kushusha shehena. Tafsiri ilisomeka: “Ondoa kapasita kabla ya kuanza kazi.” Fundi akilitii onyo hilo ataingiza mkono na kishikizo chake ili azing’oe kapasita kubwa za kutuliza mkondo, ambazo katika amplifaya za vali huwa na volti 300 hadi 450, na ambazo huweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Onyo lilikuwa linamwelekeza mahali pale pale lilipokusudia kumkinga. Mzee wa kazi hatadhurika, kwa kuwa anajua. Maonyo hayaandikwi kwa ajili yake. Huandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo cha ufundi stadi anayefungua amplifaya yake ya kwanza.

Tulizingatia kuondoa chaji, na ni sahihi, lakini neno chaji likidondoka katika uchapaji, tumerudi tulikotoka. Kupakua ni kwa meli na kwa chungu. Tumechagua kumwaga chaji, kwa sababu kitu kigumu hakimwagwi, na hakuna atakayedhani ameambiwa amwage kapasita yenyewe. Onyo likiandikwa upya litakuwa hivi: Chomoa waya wa umeme. Mwaga chaji ya kapasita kubwa kwa kuunganisha rezista ya omu 10,000, ya wati 5, yenye waya zilizovikwa vizuri, kati ya ncha yake chanya na chasisi, kwa muda wa nusu dakika. Usitumie bisibisi. Kisha pima kwa mita, na usiguse kitu mpaka mita isome karibu na sifuri. Mkono wako mmoja uwe mbali na chasisi wakati wote.

Kati ya istilahi tulizozitaja, ngazi, mkuzo, wavu, mwegemo na kumwaga chaji hazina ubishi mkubwa, na watafsiri wanaweza kuanza kuzijaribu katika maandishi yao. Mfuriko na mkoromo zitasubiri kikao. Wapo wajumbe waliokwisha kusema kwamba mfuriko utachanganywa na taarifa za mvua, na wengine kwamba kwikwi ni neno la mzaha mno kwa kitabu cha shule. Kuhusu sauti isiyofurika hatukupata shida, kwani wapigaji wote huiita sauti safi. Lakini kile kisanduku kidogo kinachokanyagwa kwa mguu ili kuifurisha ishara kabla haijafika kwenye amplifaya bado hakijapata jina tunaloliridhia: pedali ni ya baiskeli pia, na kikanyagio kimekwisha kutumiwa kwa cherehani. Walimu wa ufundi, na hasa wale walio karibu na karakana za Tunduma, Vwawa na Mlowo, watusikilizie huko kinaitwaje, watuandikie.